Marahaba Iliyoingia Kwenye Kaseti

Juzi nikishuka treni Norsborg, mtoto mmoja alimkimbilia mama mmoja akiita, "Moster!" Ndugu yangu, moyo ulinilipuka pa. Nikakaa kwenye benchi mpaka treni ikarudi mjini.

Neno hilo nilifundishwa darasani, hapa hapa Stockholm, miaka ya sabini. Mwalimu alituambia moster ni mor na syster, mama na dada, maneno mawili yaliyogandana zamani sana. Jirani yetu, mtu wa Denmaki, alisema kwao ni hivyo hivyo; ila watu wa Norwei, akabeza, wengi wamehamia kwenye tante, neno la kuazima kwa Wafaransa. Nikajisemea, kumbe hawa nao wanamjua mama mdogo.

Maana mimi nililelewa na mama mdogo. Alipokuja kusomea uuguzi alinichukua, mama mzazi akabaki Korogwe. Tulikuwa na kaseti moja tu, wasafiri wakiipeleka na kuirudisha. Ukirekodi jibu, unafuta maneno ya mwenzako.

Jumamosi moja baada ya somo hilo, nyumba inanukia maandazi ya hiliki, msafiri keshavaa koti anasubiri mlangoni. Nikabonyeza redio-kaseti, nina hamu ya kumsimulia mama habari za moster. Nikaanza, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia mama mdogo toka jikoni.

Ni mazoea tu. Ndivyo nilivyomwamkia kila asubuhi. Akatokeza mikono ina unga, macho yamemtoka. Nilipomaliza alisema maji yakimwagika hayazoleki, akamkabidhi msafiri kaseti.

Ilirudi baada ya miezi. Mama alitusalimu, akachekacheka, kisha sauti ikashuka.

"Neno lao nimelipenda. Mama kaanza, dada kafuata. Mwambie mama yako nimemsikia akiitikia."

Mama yako, yaani mdogo wake. Mama mdogo alizima redio, akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilitamani sakafu inimeze, na sikuwa nimekosa lolote ninaloweza kulitaja.

Tukamjibu. Tulimwomba radhi upande mzima wa kaseti, juu ya maneno yake hayo hayo. Kabla hatujapata wa kuipeleka, habari za msiba wa mama zikafika.

Hakuna aliyenilaumu, afadhali ningetukanwa. Sasa mama mdogo naye hayupo. Kaseti ninayo kabatini, na mama hamo. Tumo sisi wawili tu, tunaomba radhi.