Nyongo ya Kuhe na Jina la Rafaeli

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuwa akitengeneza samaki uani, kuhe mnene aliyeletwa asubuhi kutoka mwaloni wanakoshusha wavuvi. Kisu kikamteleza, nyongo ikapasuka. Harufu ile ya uchungu ilinifikia barazani, tasbihi ikiwa mkononi, na vidole vyangu vikasimama. Sikumbuki nilikuwa nimefika jina la ngapi.

"Bibi, umeshtuka nini?" mtoto aliniuliza.

Nikamjibu kwamba ni uzee. Ninyi nitawaambia.

Nililelewa hapa hapa Ujiji na babu yangu mzaa baba. Alikuwa maalimu, na watoto wa mtaa mzima walisoma barazani kwake. Alitufundisha majina ya Mwenyezi Mungu kwa kuyaimba, sauti yake nzito ikitangulia na zetu zikifuata kama vifaranga. Fimbo alikuwa nayo moja, na aliitumia kwa kosa moja tu, uongo. "Aliyesahau atakumbuka," alikuwa akisema, "lakini mwongo anajua tayari."

Kisha macho yake yakaingia ukungu. La kushoto lilitangulia, likawa jeupe kama ute wa yai lililochemshwa. La kulia lilibaki kuona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu. Aliendelea kufundisha kwa kichwa, maana Kitabu kilikuwa kifuani mwake. Watu walipompa pole alijibu, "Alhamdulillahi, nimeona vya kutosha." Mimi, mwenye miaka tisa, niliyemshika mkono kila siku kwenda msikitini, nilimwamini.

Jirani yetu alikuwa Katekista Venansi, Mha wa Simbo, na binti yake Skola ndiye aliyekuwa shoga yangu. Tulichota maji pamoja, tukaosha vyombo pamoja, na tuligombania mbingu kama watoto wengine wanavyogombania mpira.

"Malaika wenu wenye majina wangapi?" aliniuliza siku moja tukisugua masufuria kwa mchanga wa ziwani.

"Wanne. Jibrili, Mikaili, Israfili na Azraili."

"Huyo wa mwisho si ndiye mtoa roho? Kaeni naye huko huko! Sisi watatu. Gabrieli, Mikaeli, Rafaeli."

"Mmepungukiwa mmoja, na wawili mmewachukua kwetu."

"Nani kawachukua? Sisi ndio tuliotangulia!"

"Walitangulia Wayahudi. Babu kasema, wote tumewakuta kwao."

Skola alisugua kidogo akiwaza. Kisha akanitolea hoja yake ya mwisho. "Sawa, lakini Rafaeli hamna. Na Rafaeli ndiye aliyeponya macho ya kipofu."

Sufuria ikanitoka mkononi. Akanisimulia kama alivyomsikia baba yake siku chache nyuma: mzee mcha Mungu wa zamani aliyeingiwa na weupe machoni, mwanawe aliyesafiri na mtu asiyemjua, samaki mkubwa aliyetokea mtoni, na yule msafiri aliyesema, tunza nyongo. Mzee akapakwa, weupe ukabanduka kama ngozi nyembamba, akamwona mwanawe. Msafiri yule alikuwa malaika.

Sikulala vizuri. Kesho yake, baada ya shule, nilikwenda mwaloni kwa mama mmoja aliyekuwa akipasua samaki wa kubanika. Alipoelewa ninachotaka alicheka hadi khanga ikamdondoka. "Nyongo? Mtoto wa kwa Maalimu, kwenu mmekosa hata shombo ya mboga?" Akanifungia kifuko kizima cha nyongo ya kuhe katika jani la mgomba, kijani kibichi, kikitetemeka kama kitu hai.

Babu alikuwa amekaa kwenye mkeka baada ya swala ya alasiri. Nikamwambia nimemletea dawa ya macho. Nilijitayarisha kwa maswali, na nilijua sitaweza kudanganya. Yeye akageuza pua upande wangu, akanusa.

"Ya samaki gani?"

"Kuhe, babu."

Midomo yake ikacheza kidogo. Akavua kofia, akalala chali, akasema, "Anza na la kushoto."

Nilinong'ona jina la Rafaeli nikiogopa paa litatuangukia, kumwita malaika wa kina Skola ndani ya nyumba ya Maalimu. Babu yeye alisema tu, "Ya Shafi." Ewe Mponyaji. Nikaminya.

Sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine. Babu, ambaye hata paka hakumkemea kwa nguvu, alipiga mkeka kwa visigino akiita mama yake aliyekufa zamani. Mimi niliganda, nyongo ikinichuruzika hadi kwenye kiwiko. Shangazi Mwajuma alitoka jikoni mbio, mwiko ungali mkononi, akanusa, akaona jani.

"Zuhura! Umemtia nini babu yako? Umemtia nini?"

Akaninyanyulia ule mwiko. Kutoka mkekani babu akasema, huku akihema, "Mwache mtoto. Dawa hii niliitaka mwenyewe."

Hapo ndipo niliposhtuka kuliko mayowe yote. Nilijua hakuitaka. Nilijua ni mimi. Maalimu alikuwa amesema uongo mbele yangu, na kwa ajili yangu.

Walimwosha jicho kwa maji mengi, na asubuhi wakampeleka hospitali Kigoma. Jicho likavimba, likanywea, halikufunguka tena. Aliishi miaka miwili na ule mwanga wa mlango, hakunitajia nyongo hata siku moja, na nje ya nyumba yetu haikutajwa. Nami nikakua, nikasoma dini, nikafundisha wanawake wenzangu, na kila nilipofika kwenye jina la Msamehevu niliomba msamaha wa mambo mawili: mkono wangu na ulimi wake.

Mwaka juzi Skola, naye sasa bibi kama mimi, alinipeleka Simbo kumjulia hali baba yake. Katekista amepita miaka tisini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanishika mkono na kuuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomwambia, uso wake ukachangamka.

"Maalimu! Hivi ile nyongo aliipata?"

Nikamsogelea. "Nyongo gani, mzee?"

"Alikuja kwangu peke yake, na fimbo yake, ninyi mko shuleni. Alikuwa amesikia habari ya Rafaeli ujanani, akataka nimsimulie tena. Akaniuliza ni samaki gani. Nikamwambia Maandiko hayamtaji. Akacheka, akasema, 'Basi kwetu atakuwa kuhe.' Nikamwambia jina lile kwa Wayahudi maana yake Mungu ameponya. Akafurahi sana. Akasema, 'Hata malaika hakujitaja, kamtaja Bwana wake.' Jioni nikawasimulia wanangu. Alikuwa akiona haya kuomba nyongo mwaloni, mtu mzima, maalimu."

Skola aliweka kikombe chini. Tuliangaliana kama tulivyoangaliana zamani juu ya yale masufuria.

Nilikuwa nimejua majina yote ya Mola wangu kabla sijamaliza kung'oka meno ya utoto. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mja anaweza kusema alhamdulillahi kwa moyo safi kabisa, na bado akapapasa njia peke yake hadi mlango wa jirani kuuliza kama yuko aliyewahi kuona tena. Mwenyezi Mungu hakumletea mwanga. Alimletea mtoto mwenye jani la mgomba, na babu alimtambua kwa harufu.

Hakuwa amesema uongo. Dawa aliitaka mwenyewe. Sasa nikifika kwenye jina la Msamehevu naomba msamaha wa jambo moja tu: kwamba kwa zaidi ya miaka hamsini nilimwombea mtu mkweli kama mwongo.