Samli Miguuni

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu binti wa kutoka mji wa Haydom akisaini mkataba na timu ya wanawake ya ligi kuu. Baba yake amekaa pembeni, anatabasamu. Nikakumbuka harufu ya samli.

Nilikuwa binti mdogo, nachunga ndama kule kijijini Nangwa. Mchana mmoja tulicheza na wavulana mpira wa kibofu cha ng'ombe, nikawafunga mara mbili. Nilirudi nyumbani na vumbi hadi magotini, nikijua fimbo inanisubiri. Mama hakunipiga. Aliniosha miguu kwa maji ya moto, akanipaka samli.

Uani baba alikaa na wazee wageni, wanakunywa pombe ya asali. Nikawapa shikamoo. Mmoja akaniuliza, "Binti, unajua kazi gani?"

"Leo nimefunga mabao mawili, babu."

Wakacheka mpaka wakakohoa. "Huyu ana nguvu," yule mzee akamwambia baba. "Maji atabeba."

Mimi nilidhani habari za mabao zimewafikia, wamekuja kumwona mchezaji. Nikasimama wima, miguu inang'aa, wanitazame vizuri. Baba alitabasamu.

Kesho yake mama alinizuia kwenda malishoni. Nilikuwa nimeshachumbiwa. Nikapiga magoti kwenye jiwe nasaga mahindi, nikisikia kule bondeni kibofu kinapigwa, na wavulana wanaita jina langu, wakidhani nimechelewa tu.

"Bibi, na wewe uliwahi kucheza?" mjukuu aliniuliza.

Nikamwambia azime simu, akalete kuni.