Ngazi ya Kumi na Moja

Kila asubuhi, kabla ya kukalia cherehani, fundi nguo alipanda ngazi za jengo lao mara nne, taratibu, mkono ukutani. Mkunga alimhakikishia kwamba mazoezi siyo yaliyoiharibu mimba ya kwanza. Huko kliniki alimwamini. Lakini ngazi ya kumi na moja, ambapo damu ilimtokea mwaka jana, aliiruka kila siku, kama mtu anayemruka mtoto aliyelala. Hakuwahi kumwambia mtu.

Leo mimba hii ilitimiza wiki tisa, kama ile ilipoharibika. Mama mkwe alimfuata nyuma akifoka, "Ulihangaika na mazoezi yako, ukampoteza mtoto. Sasa unarudia yale yale?"

Fundi akageuka, uvumilivu umemwishia. "Haya mama, wewe ulipokuwa na mimba ulifanyaje?"

Mama mkwe alikaa kwenye ngazi ya kumi, pumzi juu juu.

"Nililala," alisema mwishowe. "Miezi mitatu, hata maji nililetewa kitandani. Na wangu wa kwanza akaniponyoka vilevile."

Fundi akairuka ngazi yake, akaendelea kupanda. Nyuma yake alimsikia mama mkwe akiinuka kwa kuguna, kisha, kwa miguu yake mibovu, naye akairuka.