Bibi Asiyetaka Kunywa Maji

Chuoni walimwita Mama Pacha, maana alianza masomo ya uuguzi akiwa na watoto wawili wa kunyonya. Katika jaribio la wodini alishaanguka mara moja. Akianguka tena, masomo ndiyo basi. Asubuhi ile mama mkwe alimfukuza mlangoni huku akimbembeleza mmoja wa mapacha: "Nenda, mwanangu. Wajukuu nawaweza. Wewe ukirudi umenuna, ndiyo sitakuweza."

Mgonjwa wake wa jaribio alikuwa bibi mmoja, fundi cherehani wa zamani, aliyepasuliwa nyonga. Midomo imemkauka, mkojo umekolea rangi, na kila akikalishwa kichwa kinamzunguka. Jana yake Mama Pacha aliandika mpango wa uuguzi bila kusita: mgonjwa amepungukiwa maji; lengo, amalize jagi kwa siku; muuguzi amwekee maji karibu na kumhimiza. Mpango ulipendeza kweli. Ila leo jagi lilikuwa limejaa vilevile.

"Bibi, hata funda moja?"

"Nimekunywa, mjukuu wangu."

"Umekunywa saa ngapi? Maana jagi halina habari."

Bibi akacheka kidogo, akageukia ukutani.

Mwanafunzi mwenzake wa zamu, kijana mcheshi, akamnong'oneza: "Andika hana hamu ya maji, omba dripu, mambo yaishe. Sote ndivyo tunavyoandika. Sindano anapita jioni." Sindano ndiye mwalimu wao; jina hilo alilipata kwa ulimi wake.

Mama Pacha alishika kalamu, kisha akaiweka chini. Dripu ingeingiza maji, sawa. Lakini mtu mwenye kiu, kwa nini asinywe? Akaanza upya, kama anayefumua mshono uliokwenda upande. Kumeza anameza, mkate wa asubuhi aliumaliza. Hatapiki. Glasi anaifikia kwa mkono wake. Basi akavuta kiti, akakaa kumtazama tu, vile anavyowatazama wanawe wanapolia bila kusema wanataka nini.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, akaingia binti wa bibi. Hata hajakaa, bibi akamwambia, "Nipe maji." Akanywa glasi nzima, akaomba nyingine. Baadaye wakanong'onezana, binti akavuta pazia na kuinama kutafuta chombo cha kujisaidia. Nyuma ya pazia bibi alisikika akiguna kwa maumivu.

Hapo Mama Pacha akapata jibu. Binti alipoondoka, akamsogelea mgonjwa wake.

"Bibi, niambie kweli. Unaogopa maji, au unaogopa kinachofuata baada ya maji?"

Bibi akamwonyesha kwa kidevu yule mwanafunzi wa zamu. "Huyo kijana wenu ni sawa na kitinda mimba wangu. Nimwambie aninyanyue nijisaidie? Na nikinyanyuliwa tu, nyonga inawaka moto. Afadhali kiu."

Mama Pacha akaufuta mpango wote, akaandika mwingine. Akamweleza muuguzi wa zamu, ambaye alimpa bibi dawa ya maumivu. Daktari aliiandika apewe akiomba, na bibi si mtu wa kuomba. Wakakubaliana kazi ya chombo ifanywe na wanawake. Dawa ilipokolea, akamfundisha bibi kukunja goti la mguu usiopasuliwa na kujisukuma juu, asinyanyuliwe kama gunia.

Jioni Sindano akafika, akausoma mpango, akakunja uso.

"Jana maji. Leo maumivu na aibu. Aibu ni ugonjwa?"

Mama Pacha hakurudi nyuma. "Si ugonjwa, mwalimu. Ndiyo inayozuia maji. Nikimtundikia dripu, mkojo utazidi, naye ataubana."

"Na kama umekosea? Utajuaje?"

"Leo ataomba chombo mwenyewe, japo binti yake hayupo. Kesho mkojo uwe umepungua rangi. Daktari ana habari ya kizunguzungu. Usipobadilika, dripu nitaidai mimi mwenyewe."

Sindano akavuta kiti. "Basi tungoje."

Wakangoja. Bibi alikunywa glasi taratibu, akimtazama mwalimu kwa jicho la pembeni, akanywa nyingine. Mwishowe akajikohoza.

"Mjukuu wangu, lete hicho chombo. Na huyu mgeni wako atupishe, mimi sikumwita."

Kijana mcheshi alikimbilia nje kabla kicheko hakijamtoka. Sindano naye akainuka, akaenda kusimama upande wa pili wa pazia.

"Kunja goti, bibi. Sukuma. Hivyohivyo."

"Mama Pacha!" Sindano aliita kutoka nje ya pazia. "Ukimaliza hapo, nawa mikono. Yule wa kitanda cha dirishani hataki kula, na hakuna anayejua kwa nini. Umchukue."

"Ina maana nimefaulu, mwalimu?"

"Mwanafunzi aliyeanguka mimi simpi mgonjwa mwingine."

Mama Pacha alitamani kuruka. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imemshika bibi, akaendelea kumshika.