Mashini Iliyolia Bure

Niliingia kazi mwaka Goma ilipokula ugali wa foufou na chumvi tu, kwa sababu vita ilifunga barabara ya Rutshuru na maharagi hayakushuka tena. Siku ya kwanza, Shefu wa biro yetu, ofisi ya Ndosho, alinionyesha ordinatere, ile kompyuta yetu.

“Mama Kahindo, humu muna majina ya watoto waliopotezana na wazazi wakikimbia. Ilinde, na usome inachosema.”

Nilifika darasa la tatu tu. Kusoma nilijua, na woga sikuwa nao.

Ndani ya ordinatere muna prosesa, ndiyo kichwa kinachohesabu. Kuna pia kerneli, kiini cha programu zote. Prosesa ikisema “nimeumia”, kerneli ndiyo inayosikia na kuandika ripoti kwenye kioo cha ordinatere. Sasa prosesa yetu ilizaliwa na tabia mbaya. Kila tukiwasha, sehemu yake moja ilipiga kelele kwamba imeumia, kumbe nzima.

Enjeniere wetu, kijana wa Butembo mwenye mdomo, alicheka. “Mama, hii ni mutoto anayelia akiona sahani. Ameshiba, ila amezoea.”

“Na siku akiwa na njaa kweli?”

“Ndiyo maana hatumuzibi mdomo.”

Akaandika amri ndogo ndani ya kerneli: prosesa ikiwa ya aina hii, kelele ikitoka sehemu ile, na namba ya kosa ikiwa ile ile, ripoti itupwe. Yote matatu yawe pamoja. Likikosa moja tu, ripoti ipite, niione kwa macho yangu.

Wenzetu wa Kiwanja walikuwa na mashini kama yetu. Wao walichoka kelele, wakazima ripoti zote. Kimya kikawa kizuri. Halafu prosesa yao ikaumia kweli, ikavuruga majina, na kioo hakikusema kitu.

Mama mumoja alitoka Kiwanja kwa miguu, na karatasi ya mashini yao iliyosema mutoto wake wa kiume yuko kwetu, akafika kumchukua. Tukamtoa mutoto tuliyekuwa tukimtunza kwa jina hilo. Mama akampandisha shati, akatazama mgongo.

“Huyu si wangu. Wangu aliungua na uji hapa.”

Wake alikuwa amekwisha kupewa watu wengine, na watu hao walikuwa wamekimbia tena. Hatukuwapata. Yule mama alikaa chini kwenye mawe meusi ya uwanja wetu, akakataa hata maji.

Miaka ikapita, vita ikarudi. Tukaletewa mashini mpya, za aina nyingine ambayo amri ile haikuijua, nazo zikaanza kulia. Enjeniere alikuwa amerudi Butembo, njia imekatika. Shefu akaniita.

“Mama, wageni wanaotulipa wanakuja. Wakiona kioo kimejaa makosa watafunga biro. Zima ripoti zote.”

“Nionyeshe ya uongo ni ipi, hiyo nitaizima. Zote sizizimi.”

“Wenye diplome wanalilia kiti chako!”

“Waje wakikalie. Bado kina moto.”

Wakanipumzisha. Pansheni ni jina tu. Ninauza makala ya kupikia sokoni Birere, na mgongo unauma. Nyinyi mnaofanya kazi hizi leo, uongo mmoja mnaoujua utupeni, lakini muujue kwanza.

Siku ya kuniaga, Shefu alinivuta kando na chupa yake ya Fanta. Sauti ilikuwa ya chini, karibu ya kuomba.

“Mama, usiwe na kichwa ngumu. Kubali tu, ubaki.”

“Zote sizizimi.”