Mayai Niliyoyaita Mawe

Mwanangu, kuna Jumatano moja ya likizo ya Aprili ambayo sitaisahau hata nikizeeka kuliko hivi nilivyozeeka. Usicheke. Mimi niko Form Three, wewe umeingia Form One juzi na sanduku linalonuka rangi mbichi. Kati yetu kuna miaka miwili na ndevu saba, na hizo ndevu nimezihesabu mwenyewe. Aliyekutangulia bwenini anajua kunguni wanatokea wapi. Kwa hivyo kaa kitako, weka kikombe cha uji chini, nikupe nasaha nikiwa bado na kumbukumbu.

Baba yangu hufuga kuku kule Mwiki. Kuku wengi, kelele nyingi, na harufu ambayo huvaa shati langu la shule kabla mimi sijalivaa. Mayai hupelekwa Thika kwa pikapu, kwa mama mmoja mwenye bekari ambaye sisi humwita Mama Keki. Sasa, mwaka jana mvua ilipoanza, barabara ya kutoka kwetu hadi kwenye lami iligeuka kuwa yale matope meusi yanayokushika kiatu ukaenda zako na soksi. Wiki ya kwanza pikapu ikakwama. Wiki ya pili ikakwama tena, tumbo limelala juu ya matope kama nguruwe aliyeridhika na maisha.

Mama Keki akapiga simu kwa duka la jirani, Baba akaitwa mbio. Sauti ya yule mama haihitaji waya, sote tulisikia akimwita Baba kwa jina la dada yangu mkubwa. "Baba Wanja, Ijumaa naoka keki za harusi. Kama hamtakuwa hapa saa mbili asubuhi na mayai yangu, nitachukua kwa mtu mwingine, na huko huko nitakaa." Mwanangu, Mama Keki ndiye aliyekuwa anachukua sehemu kubwa ya mayai yetu. Bila yeye tungekula mayai mpaka tuanze kutaga.

Baba akakata shauri: pikapu iinuliwe, na iwekwe tairi kubwa za kushika matope. Lakini Jumatano hiyo daktari wa mifugo alikuwa anakuja kuchanja kuku, na Baba hakutaka kuwaacha. Akaniita. "Wewe ndio msomi. Enda na Njoroge kwa yule mzee wa springi, kule Kamenu, Thika. Mwambie shida yetu. Yeye anajua ya kufanya." Njoroge ni binamu yangu, na ndiye dereva. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi hivyo. Mtoto wa nasari angeufikisha bila kumwaga.

Tulipofika Kamenu ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Kazi ya magari pale hufanyiwa kando ya barabara, na ukifungua boneti ujue umefungua mkutano. Hakuna anayeitwa, wote wanafika. Hapo gari si lako tena, ni la kila anayelitazama. Mmoja akasema tuinue nyuma peke yake, kwa sababu mzigo hukaa nyuma. Mwingine akamcheka: ukiinua nyuma tu, taa zitamulika vidole vyako vya miguu. Wa tatu akasema tusiguse springi, tuweke tairi pana, kwa maana tairi pana huelea juu ya matope. Wa nne, aliyekuwa akipita na karai lake la njugu, akasimama na kusema tairi pana ni upuuzi, nyembamba ndiyo hukata matope ikafika chini kwenye udongo mgumu.

"Na tairi ikiwa kubwa sana gari inakosa nguvu mlimani," akaongeza, huku akipima njugu.

"Wewe hata gari huna!" wa tatu akamwambia.

"Na wewe uko nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Ilienda wapi? Ilielea?"

Walicheka mpaka njugu zikamwagika. Mimi sikucheka. Kila mmoja alipozungumza niliona ana haki, na aliyempinga nikaona ana haki zaidi. Kichwa kikawa kama redio iliyoshika stesheni mbili kwa pamoja, habari na nyimbo za injili. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Wahenga hawakuwahi kufika Kamenu.

Hapo ndipo Mzee Swaleh alipotoka chini ya lori. Huyo ndiye mzee wa springi mwenyewe, mtu wa maneno machache, na kofia yake ya kitambaa ilikuwa nyeupe pepepe mahali ambapo hata mbuzi walikuwa weusi kwa oili. Akafuta mikono, akazunguka pikapu yetu mara moja, kisha akauliza swali moja tu ambalo watu wote wale hawakuwa wameliuliza.

"Kijana, mnabeba nini?"

Mwanangu, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipoanguka. Kando yetu kulikuwa na pikapu ya machimbo ya mawe. Ilikuwa imeinuka, ina tairi zenye meno, na juu yake wamekaa vijana watatu waliojaa vumbi, wenye mikono kama magogo. Mmoja alikuwa ameona manyoya kwenye bodi yetu, akawaambia wenzake, "Cheki, hii ni matatu ya kuku." Wakaangua kicheko. Shuleni nako, kama unavyojua, jina langu ni Kuku, na sikulichagua mimi. Basi mzee aliponiuliza tunabeba nini, nikapanua kifua nilichokuwa nacho wakati huo, ambacho hakikuwa kingi, nikasema kwa sauti nzito:

"Mawe."

Njoroge akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Mawe ya kujenga?" Mzee Swaleh akauliza.

"Ya kujenga. Mengi sana."

Mzee akainama, akabandua unyoya mmoja pale nyuma, akauinua. "Na huyu?"

"Huyo tulimpa lifti tu."

Akanitazama kwa muda, kama mwalimu anayejua umeiga lakini hajui kwa nani. Kisha akasema, "Haya. Mwenye mzigo ndiye anajua mzigo wake." Akarudi kazini. Springi za pikapu ni vyuma virefu vilivyopindwa na kupangwa kimoja juu ya kingine. Akatuongezea vyuma vinene, akainua na mbele ilingane, akatufunga tairi ndefu zenye meno na kuzijaza upepo mpaka zikawa ngumu kama ngoma. Mtaka cha mvunguni huinama, lakini sisi tuliuinua mvungu wenyewe. Njoroge alilazimika kuruka ndipo aingie kwenye usukani. Tukikata kona, tairi zilikwaruza madigadi, zile bati za juu yake, zikalia kama mbuzi. Mimi niliona huo ni muziki.

Ijumaa asubuhi tukapakia mayai, Baba akakaa katikati yetu. Kwenye yale matope pikapu ilipita kama inapita sebuleni. Baba alicheka, Baba ambaye hacheki kabla ya saa nne. Akanipiga begani. "Kumbe kusoma si bure!" Nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, ule unyenyekevu wa mtu anayetaka asifiwe tena.

Kisha tukafika kwenye lami, na lami ilikuwa na mashimo. Shimo la kwanza, pikapu ikaruka kama mtu aliyekalia siafu. La pili, kichwa changu kikasalimiana na paa. Baba akaacha kucheka. Karibu na Ruiru, Njoroge akatazama kioo cha pembeni, akasema polepole, "Baba Wanja, kuna kitu ya manjano inatufuata."

Tulifika Thika mapema, kabla hata ya saa mbili. Mama Keki akatoka na aproni yake, akafunua turubai mwenyewe. Ute ulikuwa unachuruzika kutoka nyuma, unatiririka juu ya zile tairi mpya. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga.

"Baba Wanja, nilisema mniletee mayai. Kukoroga ningekoroga mwenyewe."

Akachagua yaliyokuwa mazima, machache, akamtuma kijana wake akatafute mengine kwingine. Baba alisimama pale na kofia mkononi. Hakuelewa. Alikuwa amemwamini fundi, akamwamini msomi, barabara ikapitika, na bado mambo yakaharibika. "Twende kwa Swaleh," akasema. "Anieleze."

Kamenu si mbali na bekari, nami niliomba iwe mbali. Mkutano ulikuwa uleule, hata wa njugu alikuwepo. Baba akashuka, na kwa ile pikapu kushuka kulikuwa ngoma kweli, kama ya mpanda mchongoma.

"Mzee, nilikuamini. Umenivunjia mayai yote."

"Mayai?" Mzee Swaleh akasema. "Mimi nimefunga springi za mawe."

"Mawe gani?"

Macho ya watu wote yakageuka moja moja mpaka yote yakawa kwangu.  

"Wewe ulisema tunabeba mawe?" Baba akauliza.

"Ndio."

"Kwa nini?"

"Walinicheka, Baba."

Nilingoja kofi. Mwanangu, ningelipenda lile kofi. Baba akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Hiyo kiatu umevaa ni mayai. Fii ya shule ni mayai. Hata hiyo maneno mingi uko nayo ilikuzwa na mayai." Kisha akawageukia wale watu wote, akavaa kofia yake. "Mimi nafuga kuku. Nauza mayai. Nani ako na swali?"

 Wa njugu akainua mkono. "Mimi. Unaweza kuniletea nikuwe nachemsha nikiuza?" Na hakuna hata mmoja aliyecheka.

Mzee Swaleh akanivuta kando. "Mficha uchi hazai, kijana. Springi ngumu haijui maringo yako. Jiwe ni zito, litailaza itulie. Yai halina uzito wa kuilaza, kwa hivyo inalirusha." Akavitoa vile vyuma vinene. Akaweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli, ule mhimili wa magurudumu, gari likabaki juu kidogo bila kuwa gumu. Tairi akabadilisha, akaweka za kiasi, akapunguza na upepo. Matope tunapita mpaka leo. Lakini Mama Keki alitugawa: nusu anachukua kwetu, nusu kwa yule mwingine. Nusu ile haijarudi, na kila Ijumaa Baba akihesabu trei namwona akifika mahali pale palipopungua na kusimama kidogo.

Usiniulize kama tairi pana ni bora kuliko nyembamba. Nimewauliza wengi na kila mmoja bado ana haki. Nimechanganyikiwa mpaka leo na nitakufa hivyo. Ninalojua ni hili moja. Siku utakapotaka kuinuliwa, iwe ni gari, iwe ni masomo, iwe ni msichana wa shule jirani, kabla ya kuuliza utafika juu kiasi gani, sema ukweli unabeba nini. Sema kwa sauti, hata kama wenye mawe wanasikiliza. Fundi mzuri kuliko wote atakuharibia kazi kwa ustadi kabisa, kwa sababu wewe ulimwambia uongo. Na kama kwenu ni mayai, sema mayai.

Mungu akupe urefu wa kuvuka matope yako, mwanangu, na ulaini wa kubeba vitu vyepesi bila kuvivunja. Awatunze waliokulea na chochote walichokulea nacho. Siku ukiulizwa wewe ni wa nani, jina la baba yako likutoke mdomoni kabla hujamtazama anayeuliza. Amina.