Dalasa na darasa

Juzi, kwenye darasa letu la watu wazima pale Mwanga, fundi alikuwa akiweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwenye kompyuta zetu zote kwa waya, kutoka kompyuta moja tu. Ikishindikana, zinarudishwa kwa wafadhili waliotupatia. Kila kioo kikaandika: faili halipo.

Fundi, mkimbizi kutoka Burundi, akajifuta jasho. Mama mmoja tunayesoma naye, naye wa hukohuko Burundi, akapitisha kidole kwenye kioo cha fundi, juu ya maneno aliyoandika, herufi moja moja.

"Mwanangu, folda ya mwalimu yenye hilo faili inaitwa darasa. Hapa umeandika dalasa."

"Si ndiyo hiyo hiyo dalasa, mama?"

"Kwa mdomo hata mimi nasema hivyo."

Fundi akabadilisha herufi moja, kompyuta zote zikaanza kupokea. Tukapumua.

Mimi niliyejua kusoma mwaka huu niliiona ile l mapema. Nilinyamaza, nikidhani kompyuta haikosei.